Gunia Ndani ya Mfuko wa Bastola

Nyinyi vijana mnaojifunza kushona pale kanisani Kiganjo mlinikasirisha juzi. Nilipita karibu na dirisha nikasikia mmoja wenu akimwambia mwenzake kwamba mfuko si kazi, mfuko ni kitambaa kinachokunjwa na kushonwa pembeni. Nikataka kuingia nimpokonye mkasi. Mfuko ni chumba, bwana mdogo. Kabla hujaujenga, uliza nani atalala ndani. Akiwa ni leso, jenga utakavyo. Akiwa ni bastola, keti chini kwanza, kunywa chai yako pole pole, halafu uanze kufikiri.

Mnacheka. Mnanijua kama mzee Jairo wa kurekebisha suruali za mitumba, ambaye miwani yake imefungwa kwa uzi. Hamjui kwamba katika miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni, hapa hapa Thika, mimi nilikuwa fundi wa mifuko ya bastola. Mtoto wa Maragoli, niliyelelewa katika kanisa lisilotaka hata kusikia habari za bunduki, nikawa mtu wa kuulizwa ni bastola gani inakaa vizuri ndani ya kaptura. Mama yangu alikufa bila kujua. Alidhani ninashona sare za shule.

Nilikuwa nashona kwa Mhindi mmoja aliyeitwa Kanji. Duka lake lilikuwa na cherehani za kukanyaga barazani, kaunta ndani, pazia la kubadilishia nguo nyuma, na dirishani sanamu la mbao la kuvalishia nguo, lisilo na kichwa wala mikono. Kanji ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye hasira za karibu, na alikuwa na fundisho moja tu ambalo alilirudia asubuhi na jioni.

"Jairo, veve sikia. Nguo muzuri ni ile mutu nasahau yeye navaa. Kama mutu nakumbuka suruali yake, fundi iko bure."

Na kweli alifuata hayo. Mshono wake haukukwaruza, ukosi wake haukusonga shingo. Akitaka kututia adabu alitusimulia habari ya wakati wa vita vya Hitla, bitana ilipokosekana madukani, akashawishika kutia kipande cha gunia la mkonge ndani ya kiuno cha suruali ya mteja mmoja mkubwa. Mteja yule alijikuna harusi nzima. Alijikuna mbele ya bibi harusi, alijikuna kwenye picha. Kanji alikuwa na aibu ya jambo hilo mpaka uzeeni, na neno gunia lilikuwa haliruhusiwi kutamkwa karibu na kaunta.

Sasa kumbukeni mambo hayo mawili, nguo ya kusahaulika na gunia, kwa sababu yalikuja kugombana siku moja na mimi nikiwa katikati.

Kulikuwa na mzungu wa kahawa, shamba lake upande wa Ruiru, huko kuelekea Mugutha. Sisi tulimwita Bwana Kaptura kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona na suruali ndefu isipokuwa Jumapili. Alikuwa mtu mpole kwa kiasi chake, mwenye magoti mekundu. Siku hiyo aliingia dukani na mfuko wa ngozi, akauweka juu ya kaunta, akaangalia nyuma kama mwizi wa kuku.

"Fundi," akasema, "mimi nataka ficha bunduki."

Kanji alikuwa anakunywa chai. Chai ilimtoka puani.

Ilichukua muda kuelewana. Siku zile sheria ilimtaka mzungu mwenye bastola awe nayo mwilini wakati wote, na akiipoteza anashtakiwa. Hilo halikumsumbua Bwana Kaptura. Kilichomsumbua ni mama mkwe. Mama mkwe alikuwa njiani kutoka Ulaya kuja kuwatembelea, na kwa miaka yote hiyo walikuwa wakimwandikia kwamba Kenya ni maua na kahawa tu.

"Kama yeye naona bunduki kwa meza ya chai," alisema, "yeye nachukua memsahib, nachukua watoto, nakwenda Ulaya kabisa. Mimi nabaki peke yangu na mpishi."

"Bwana vaa koti," Kanji akamwambia.

"Koti? Thika? Mwezi ya pili?" Akajifuta jasho. "Yeye nauliza mara moja, wewe mgonjwa?"

Hapo ndipo nilipofahamu shida yenyewe. Chini ya koti kila mtu anaweza kuficha kitu, hata mbuzi. Lakini huyu alitaka kuficha chuma ndani ya kaptura ya kaki na shati la mikono mifupi, nguo za kukalia barazani nyumbani kwake, mbele ya mwanamke mzee ambaye hana kazi nyingine ila kumtazama.

Akafungua mfuko wake. Ndani mlikuwa na bastola tatu, ya kwake na mbili za kuazima kwa majirani, zote zimetolewa risasi. Alizipanga kwenye kaunta yetu katikati ya vifungo. Mimi nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Walikuwa wananyonga watu kwa kukutwa na risasi moja, na hapa kuna vyuma vitatu kando ya futi yangu ya kupimia.

"Mimi sishiki, Bwana," nikamwambia. "Wewe vaa, mimi nitaangalia."

Na hiyo, vijana, ikawa ndiyo njia bora ya kazi. Mzungu mwenyewe alijua habari za risasi na shabaha. Mimi nilitazama kitambaa tu, na kitambaa hakidanganyi.

Ya kwanza ilikuwa rivolva kubwa ya jeshi. Aliitia mfukoni, akapiga hatua, kaptura ikabaki nyuma. Aliidaka kwenye magoti. Akakiri kwamba hata kwenye uwanja wa tenisi kule Ruiru ilimfanyia hivyo hivyo, mbele ya wake za watu. Ile ikarudishwa kwenye mfuko wa ngozi.

Ya pili ilikuwa ndogo kabisa, ya kike, unaweza kuifunika kwa kiganja. Tukafurahi. Lakini alipotembea ilicheza ndani ya mfuko, ikageuka, ikalala kichwa chini, na alipojaribu kuitoa alishika kitako, akashika mtutu, akashika bitana, mwishowe akatoa mfuko wote nje. Kanji akasema kimya kimya kwamba adui atapata nafasi ya kumaliza chai.

Ya tatu ilikuwa bapa, fupi, haizidi kitabu cha nyimbo cha kanisani. Pembe zake zilikuwa za mviringo. Hapo nikajifunza jambo ambalo hata wenye duka la bunduki hawakunifundisha: kinachomsaliti mtu si uzito wala urefu, ni mpini. Mtutu unalala kando ya paja, hauna neno. Mpini ndio unaotokeza nje kama goti la mtoto tumboni mwa mama yake. Kwa hiyo ukitaka kuchagua, usiitazame bastola juu ya kaunta ambako kila moja ni nzuri. Mvalishe mtu, mwambie atembee, akae, ainame kuokota kitu, anyooshe mkono juu ya kabati, apande gari na kushuka. Wewe kaa nyuma yake uangalie paja na kiuno. Halafu mwambie arudie yote akiwa amechoka, maana aliyechoka hajipangi.

Bwana Kaptura alifanya yote hayo dukani mwetu, anapanda na kushuka kwenye stuli akisema ni gari, na watu wa barazani wakidhani anafundishwa ngoma.

Tukachagua ile bapa. Nikamwambia pia aachane na mashati meupe ya kubana. Shati liwe la michoro, lining'inie nje, lizidi kiuno kwa shubiri, kwa sababu jicho likipata maua ya kutazama halitafuti kitu kingine. Akaniuliza nilijifunza wapi. Nikamwambia kwa wamama wajawazito wa kanisani.

Mfuko wenyewe niliushona kwa siku kadhaa. Bastola haikuweza kubaki dukani, kwa hiyo nilichukua kipande cha sabuni ya mche, nikakikata kwa ukubwa ule ule, nikaujengea mfuko juu yake. Kuna vijana wangechonga mti. Mti uliochongwa umbo la bastola siku zile ungekupeleka mbali. Sabuni ukimaliza unafulia, ushahidi unakwenda na povu.

Siri yangu ilikuwa hii. Mfuko haukuning'inia kwenye kitambaa cha kaptura. Niliufunga juu kwenye kiuno kwa utepe wa kitambaa cha marekani kilichokunjwa mara mbili, uzito wote ukabebwa na mkanda. Mdomo wake ulikuwa ndani ya kiuno, chini ya shati. Kwa nje uliona mfuko wa kawaida tu. Ndani nilitia kitambaa laini cha pamba ili paja lisijue lolote. Bwana Kaptura alipoivaa ile kaptura na bastola yake ndani alitembea, akasimama, akajipapasa kwa wasiwasi kuhakikisha ipo.

"Mimi hapana sikia kitu!" akasema. "Kabisa!"

Kanji alinishika bega. Katika miaka yote niliyokaa naye hakuwahi kunishika bega. Nilijiona fundi, nikaenda nyumbani nikitembea katikati ya njia.

Nitawaambia jambo dogo kabla sijaendelea. Siku hizi mna cherehani za umeme, zinakimbia kuliko akili. Sisi tulikanyaga, na pasi ilikuwa ya makaa, ukipuliza vibaya cheche inatoboa suruali ya mtu. Ile polepole ilitupa muda wa kuona kosa likija. Lakini kuna kosa ambalo hata polepole haikunionyesha, nalo lilikuwa kosa la kazi iliyokuwa nzuri mno.

Mama mkwe alikuja, akakaa, hakuona kitu. Wiki zikapita. Jumamosi moja, asubuhi, Bwana Kaptura alipita dukani kuchukua suruali yake ndefu ya kanisani tuliyokuwa tumeipunguza. Kifungo cha kaptura kilikuwa kinaning'inia. Akaingia nyuma ya pazia, akavaa ile ndefu, akanirushia kaptura juu ya pazia nitie kifungo, akatoka akipiga mluzi, akawasha gari, akaenda zake.

Mimi nikaishika kaptura. Nikahisi kitu kizito. Nikacheka peke yangu, mazoea yakaniambia ni ile sabuni yangu. Nikatia mkono.

Sabuni haiwi baridi namna ile.

Nilimwita Kanji kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. Akaja, akachungulia ndani ya kiuno cha kaptura, akakaa chini sakafuni bila kutafuta kiti.

"Iko risasi ndani?" akauliza.

"Sijui! Unataka niiulize?"

Tufikirie pamoja, vijana, kama tulivyofikiri sisi. Niipeleke kituoni? Mwafrika anayetembea Thika na bastola mfukoni hafiki kituoni. Aipeleke Kanji? Hakuwa na kibali, na bado alikuwa amekaa sakafuni. Tuitupe? Mwenyewe atarudi kuitafuta, na akisema aliiacha kwa fundi, fundi ataulizwa amempa nani. Tufunge duka tumsubiri? Hilo lilikuwa wazo zuri, na nilikuwa nimeshika mlango tayari nilipoona lori la polisi limesimama upande mmoja wa barabara yetu na jingine upande wa pili.

Msako. Askari wakashuka. Jirani yangu Njoroge, fundi wa viatu wa mlango wa pili, mtu ambaye hakuwa na kosa isipokuwa kuzaliwa Mkikuyu, nilimwona akitolewa na kuchuchumaa barabarani mikono kichwani, nyundo yake ndogo bado mkononi. Wakaanza duka la kwanza. Walikuwa wanafungua makasha, wanapasua magodoro, wanagonga sakafu.

Niliogopa. Sitawaficha. Nilikuwa na mke aliyeolewa juzi, na nilimwona katika mawazo akiambiwa habari zangu. Halafu nikatazama sanamu la dirishani, halina kichwa, limetulia kuliko sisi sote. Watu hawa, nikajiambia, wanatafuta mahali palipofichwa, si dirishani.

Nikalivua sanamu suruali liliyokuwa nayo, nikalivalisha kaptura, na bastola yake ndani. Nikashika sindano, nikaushikiza mdomo wa mfuko wa nje kwa uzi mrefu, kama tunavyofanya na nguo mpya isiyochukuliwa ili mfuko usilegee. Nikachomeka pini mbili tatu kiunoni, ionekane kazi haijaisha. Nikarudi nyuma kuangalia. Haikuonekana kitu. Paja la mbao lilikuwa limenyooka safi. Nilipata fahari kidogo, na papo hapo nikajilaani kwa kupata fahari.

Wakaingia. Inspekta alikuwa kijana wa kizungu, amechomwa na jua puani, mkanda mzito kiunoni wenye bastola ya serikali, pingu na filimbi. Askari wakageuza duka. Walimwaga vifungo, wakapima kina cha pipa la unga, mmoja akafungua cherehani yangu na kuitazama tumboni. Kanji alisimama nyuma ya kaunta akiita majina ya miungu yake, na sidhani alimsahau hata mmoja.

Inspekta hakusaidia kutafuta. Alikuwa amesimama mbele ya sanamu.

"Fundi," akasema, "hii kaptura ya nani?"

"Ya duka, Bwana," Kanji akajibu haraka, kisha akafunga mdomo kwa mkono kana kwamba amechelewa kuuziba.

Inspekta akajitazama. Kaptura yake ya serikali ilikuwa ngumu, imemkata mapajani, alama nyekundu zilionekana. Akapima ile ya sanamu kwa macho. Nikaanza kumwomba Mungu asiseme atakachosema.

"Mimi najaribu hii."

Jikaze kisabuni, Jairo, nikajiambia. Fundi ndiye hulivua sanamu, na fundi ndiye humvalisha mteja, hiyo ni heshima ya kazi na siku ile ilikuwa pumzi yangu. Nikaivua mwenyewe, nikaishika kiunoni kwa mikono miwili, nikamngojea nyuma ya pazia. Akafungua ule mkanda wake mzito, akauweka juu ya kiti. Akaingiza mguu, akaingiza wa pili. Nikamfunga mkanda wa kawaida. Kwa kuwa alikuwa ametoka kutua mzigo mkubwa, mzigo mdogo hakuusikia.

Akatoka nje ya pazia, akatembea. Maisha yangu yalikuwa yanatembea naye, upande wa kulia. Akajaribu kutia mkono mfukoni.

"Imeshikizwa bado, Bwana. Tutafungua siku ya kuchukua."

Akaitikia kwa kichwa. Akakaa. Akasimama. Akainama kugusa vidole vya miguu! Kanji akafumba macho. Mimi sikufumba. Nilitazama kitambaa kama nilivyozoea, na kitambaa hakikusema neno.

Ndipo gari likafunga breki nje, na Bwana Kaptura akaingia mbio, uso mweupe kama marekani isiyotiwa rangi. Alikuwa amekumbuka. Akatazama kaunta, akatazama sanamu lililo uchi, halafu macho yake yakatua juu ya inspekta akiwa ndani ya kaptura yake. Akafungua mdomo. Nilimkazia macho mpaka akaufunga.

Wakasalimiana kwa lugha yao. Kiingereza changu kilikuwa cha kusikia, si cha kusema, lakini swali lililofuata ningelielewa hata kwa Kichina. Inspekta alimtazama kiunoni, tabasamu likapungua, akamuuliza iko wapi silaha yake.

Bwana Kaptura akisema ameiacha, anashtakiwa. Wakiitafuta, inapatikana hapa, na mimi na Kanji tumo ndani. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kidevu. Nikaona kwamba asipojibu sasa hivi mimi nimekwisha.

"Bwana inspekta," nikasema, "huyu ni mteja wetu wa mfuko wa siri. Wewe tafuta kwa macho. Ukiona, kazi yangu mbaya, nifukuzwe."

Inspekta akageuka. Akanitazama, akamtazama Bwana Kaptura, suruali ndefu, shati la maua linaloning'inia nje. Kijana ni kijana. Alipenda mchezo ule.

"Tembea," akamwambia.

Akatembea. Kaa. Akakaa. Inama, panda stuli, nyosha mkono. Bwana Kaptura alijua masomo yale yote, alikuwa ameyafanya hapo hapo. Inspekta akamzunguka, jicho moja amelifumba, akichunguza paja moja, paja la pili, kiuno, mgongo, na kila alipozunguka ile bastola aliyokuwa anaitafuta ilizunguka naye.

Mwishowe akapiga mkono juu ya kaunta.

"Mimi hapana ona kitu! Fundi, wewe hatari sana. Shona mimi moja kama yake."

"Ndiyo Bvana," Kanji akasema kwa sauti ya kitoto, "kesho kutva."

Bado ilibaki kumvua inspekta. Alianza kushika kiuno mwenyewe, nikaruka.

"Pini, Bwana! Ziko pini, zitakuchoma. Niachie mimi."

Hakuna mwanaume anayekataa kuokolewa na pini mahali pale. Akainua mikono juu, nikamvua taratibu kama mtoto wa kuogeshwa. Akavaa yake ngumu, akafunga mkanda wake mzito, akaguna. Akaita askari. Lori likawaka, likaondoka, na nje Njoroge akaruhusiwa kuinuka. Alisimama muda mrefu akinyoosha magoti, hatazami mtu.

Tukabaki watatu. Bwana Kaptura akaipapasa kaptura, akaikuta bastola, akaketi kwenye benchi la wateja na kuikumbatia.

"Mimi nasahau," akasema. "Mimi nasahau kabisa. Mfuko iko mzuri sana, fundi. Mzuri sana."

Hapo hasira ikanipanda. Woga ulikuwa umeondoka na kuiachia nafasi. Nilitamani kumpiga na ile yadi ya mbao. Sikumpiga, lakini nilisema, na sikuwahi kusema vile na mzungu kabla ya hapo.

"Wewe ukisahau, Bwana, utalipa faini, utarudi nyumbani kwa memsahib. Wewe ukisahau, mimi wananinyonga. Umesahau kwa shingo yangu."

Kanji alinivuta shati. Sikurudi nyuma. Bwana Kaptura akatazama sakafu iliyojaa vifungo. Masikio yake yakawa mekundu kama magoti yake. Hakusema pole. Labda neno hilo hakufundishwa. Lakini hakunifokea pia, na alipoinuka aliinama, akaanza kuokota vifungo, kimoja kimoja, mpaka kiganja kikajaa.

Mimi nilikwenda kwenye stoo, nikarudi na kipande cha gunia la mkonge.

"Jairo!" Kanji akaniona. "Hapana! Gunia? Veve nataka aribu jina ya duka yangu?"

"Nguo ya kusahau shona wewe, mzee," nikamwambia. "Huu mfuko nashona mimi."

Nikaifumua ile bitana laini niliyoipenda. Nikatia gunia, upande wenye nyuzi ngumu ukielekea pajani, nikalishona kwa uzi wa mara mbili. Mzungu alisubiri. Nikatia na kifungo chake. Akaivaa, akaweka bastola yake ndani, akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni, akasimama. Akajikuna.

"Fundi, hii nauma mimi."

"Ndiyo, Bwana."

Akanitazama. Nikaona limemwingia. Akatikisa kichwa polepole, akatoka akijikuna hadi kwenye gari.

Ya inspekta niliishona vile vile. Alirudi kulalamika, nikamwambia ni ya kumkumbusha, akasema hakuna fundi wa Ulaya aliyefikiria hivyo. Wakaja wengine. Kanji alinuna mwezi mzima, kisha nikamkuta ananunua gunia zima, akilikagua kama hariri.

Basi mkiniuliza kazi nzuri ni ipi, nitawapa maneno ya Kanji, kwa sababu ni ya kweli: mshone mtu mpaka asahau amevaa. Lakini kukiwa na kitu ambacho yeye akisahau utalia wewe, usikitilie pamba.

Mama mkwe wa Bwana Kaptura hakuiona bastola hata siku moja. Aliona kujikuna. Nilikutana nao mbele ya duka la dawa, yule mama ametoka na chupa kubwa ya dawa ya upele, anamsomea mkwe wake jinsi ya kupaka. Bwana Kaptura alikuwa amesimama kando yake na shati lake la maua, mkono wa kulia pajani, anajikuna kwa bidii. Akaniona. Hakuacha kujikuna, ila mkono wa pili ulipanda, akanivulia kofia.

Nami nikamsalimia, nikaenda kula chakula changu cha mchana, na kilishuka vizuri, kwa sababu nilijua bastola iko wapi.